Aliyemfundisha Yasmin Kuchomelea

Duka la vyuma la Abacar, pale Palma, lilikuwa limefurika watu. Tangu gesi igunduliwe huko baharini, kila mtu alikuwa anajenga kitu. Yasmin alijipenyeza mpaka mbele, kapulana nyekundu ameikaza kiunoni, msiro aliojipaka asubuhi umemkaukia mweupe mashavuni.

"Nipe vijiti vya kuchomelea," alimwambia Abacar.

"Vya unene gani?"

Yasmin akakisia hewani kwa vidole viwili. Wanaume wakaangua kicheko.

"Unachomelea nini, dada?" iliuliza sauti nyuma yake. Aligeuka akamwona kijana mrefu, shati lake limetobolewa na cheche kama chujio.

"Sakafu ya gari langu. Imeliwa na kutu. Nikikanyaga breki naiona barabara."

"Fundi wako yuko wapi?"

"Mafundi wote wamechukuliwa na makampuni. Nitajifunza mwenyewe."

"Abacar, mpe vile vyembamba kabisa. Vinene vitamtobolea gari zima." Kisha akamgeukia. "Naitwa Sualehe. Nikija kukufundisha utanipikia nini?"

"Kwani nimekuomba?" Lakini tayari alikuwa anatabasamu.

Yasmin aliishi kwa kupika. Kila mchana alipakia masufuria ya wali na samaki wa nazi kwenye pikapu kuukuu aliyoachiwa na marehemu baba yake, akaenda kuwauzia vibarua wa kambi ya gesi. Gari likifa, biashara nayo imekufa.

Sualehe alikuja Ijumaa baada ya sala, na mashine yake ya kuchomelea juu ya mkokoteni. Akamwonyesha kutoa betri kwanza, na kukwangua kutu mpaka bati ling'ae. Kinyago chenye kioo cheusi kilikuwa kimoja. Akamvika yeye.

"Na wewe utatazamaje?"

"Nina miwani yangu ya jua. Macho yangu yameshazoea."

Kijiti kikanasa kwenye bati. Yasmin akakivuta kwa nguvu, kikanasuka, na mara ya pili bati likayeyuka, likaacha tundu la kupitisha yai.

"Usikae mahali pamoja," alisema Sualehe, akamshika kifundo cha mkono. "Gusa, toka. Bati likipoa, rudi tena."

Mshono wake wa kwanza ulitoka vinundu vinundu. Sualehe akaugonga kwa nyundo, magamba yakaruka. "Haya ni mavi ya mbuzi, kipenzi."

Neno lile la mwisho lilimponyoka. Wote wawili wakainamia sakafu ya gari.

Tangu hapo simu ya Yasmin haikulala.

"Umekula?" aliuliza Yasmin.

"Nimekula, ila si cha mkono wako."

"Muongo! Jana ulilalamika pilipili imezidi, machozi yakakutoka."

"Yale yalikuwa machozi ya mapenzi."

Kampuni moja ikatangaza kazi, na majaribio ya wachomeleaji yakawa Pemba, makao makuu ya mkoa. Sualehe alimpigia akiwa tayari ndani ya basi dogo la chapa. "Nikipita, wazee wangu watakwenda Quionga kwa mjomba wako. Jiandae, mama."

Alirudi kimya. Yasmin alipompigia, alijibu kwa sauti kavu, "Nitakupigia," na hakupiga. Watu walisema waliopata kazi kule wamebadilika, hawaamkii mtu. Yasmin hakutaka kuamini.

Mpaka siku ile sokoni. Sualehe alikuwa anakuja mbele yake, katikati ya wauza muhogo, na mkono wa Yasmin ukainuka wenyewe. Sualehe alimtazama usoni, moja kwa moja, akapita. Alipita karibu kiasi cha Yasmin kunusa chuma kilichoungua kwenye shati lake. Jina la Sualehe likakataa kumtoka. Akashusha mkono na kujifanya anachagua nyanya.

Hamido, mtunza ghala wa kambini, mgane mpole, alikuwa akiomba kumwoa kwa muda mrefu. Wiki ile Yasmin alimwambia mjomba wake apokee posa. Kisha akaingia chini ya gari na kuanza kuimalizia sakafu peke yake, akilia ndani ya kinyago ambacho Sualehe hakurudi kukichukua, wala mashine yake.

Vijiti vilipomwishia alikwenda tena kwa Abacar.

"Macho ya Sualehe yanaendeleaje?" Abacar aliuliza. "Nasikia yuko kwa dada yake, Mocímboa."

"Macho gani?"

Abacar akamtazama kwa mshangao. "Hujui? Kule Pemba walimpima kabla ya kazi. Wakamrudisha."

Yasmin hakuchukua hata vijiti. Aliendesha hadi Mocímboa da Praia bila kupumzika. Alimkuta Sualehe kizingitini, anamenya muhogo kwa kupapasa. Akasimama mbele yake.

"Nani?" aliuliza Sualehe.

Yasmin akasogea karibu. Akakaa chini.

"Ulinipita sokoni. Nilikuinulia mkono."

Kisu kikatua polepole. "Katikati ya macho yangu pameungua. Naona pembeni tu. Nikimtazama mtu, uso wake haupo. Ungeniita, Yasmin."

"Wewe ungenipigia!"

"Nikwambie nini? Kwamba fundi asiyeona anakuja kuposa?"

"Ungeniuliza mimi nataka nini." Kisha akanong'ona, "Ni kwa sababu ya kinyago? Ulinipa mimi."

Sualehe akacheka kidogo. "Nilichomelea na miwani ya jua miaka mingi kabla yako. Usijipe makuu."

Yasmin alitamani kumwamini, akashindwa.

"Nimeposwa na Hamido wa kambini. Posa naivunja leo hii."

"Ni mtu mwema?"

"Ni mwema."

"Basi usiivunje. Mimi sitaki kuongozwa njia na mwanamke niliyetaka kumwoa."

"Umeamua peke yako tena."

"Nimeamua."

Yasmin aliinuka bila kuaga, akaingia garini, akakaa na ufunguo mkononi. Hasira ilimwambia auzungushe, mapenzi yakamkataza. Sualehe akaondoka kizingitini akigusa ukuta, uso ameuelekeza kando kidogo, kama mtu anayetafuta kitu pembeni.

"Yasmin? Bado upo?"

Dirisha lilikuwa wazi. Kati yao palikuwa na kiwanja tu. Neno moja lingetosha. Yasmin aliuma pindo la ushungi wake, akanyamaza.

Sualehe alisubiri. Halafu akasema taratibu, "Haya," akarudi ndani.

Ndipo Yasmin alipowasha gari. Injini ilinguruma kiwanja kizima, na alijua kwamba Sualehe kule ndani amesikia, na amejua kuwa alikuwapo wakati wote.