Kikwembe cha Waya wa Tatu

Siku hiyo mimi nilikuwa tumboni, kwa hiyo usiniulize kama niliona. Nimesimuliwa na Ismaël aliyeshika usukani, na Ismaël hakuwa mtu wa kuongeza chumvi. Mama yangu hakulitaja jambo hili hata mara moja mpaka anaingia kaburini. Alikuwa na sababu zake.

Baba yangu, Faradji, alikuwa fundi wa vedeti, boti ndogo ya injini iliyovusha watu na pamba kwenye Lualaba. Tulikaa ng'ambo, upande wa pili wa mto, na kufika Kasongo ilikuwa mpaka uvuke. Tajiri wa pamba aliinunua vedeti ile ikiwa kuukuu tayari. Injini yake ya petroli ilikuwa na silinda nne, kila silinda na buji yake ya kutoa cheche, na nyaya nne zilipeleka umeme kwenye buji hizo kutoka kwenye manyeto, kile kidude kinachotengeneza umeme injini inapozungushwa. Kila asubuhi baba alifuta nyaya zile moja moja kwa kitambaa kikavu, huku akizungumza nazo kwa sauti ya chini. Watu walicheka. Mama hakucheka.

Mama, jina lake Waridi, aliolewa baada ya mke wa kwanza kufa. Yule wa kwanza aliitwa Mwamvita, mshonaji hodari, mwanamke wa kunukia mafuta ya karafuu tangu mlangoni. Aliishi na baba miaka saba bila kupata mtoto. Wivu wake haukuwa wa siri: akikutana na mwanamke mwenye mimba sokoni, alivuka njia, akatema mate. Homa ilimchukua mwaka wa 1940.

Kwetu nguo za marehemu hugawanywa baada ya arobaini. Baba aligawa zote isipokuwa kikwembe kimoja, kitenge cha kujifunga, cha buluu chenye madoa meupe. Hicho alikificha. Ulikuwa wakati wa vita vya Wazungu, mpira wote ulikwenda jeshini, na waya wa tatu wa vedeti ulikuwa umepasuka ganda kwa joto. Umeme ulikuwa ukitorokea kwenye chuma kabla ya kufika kwenye buji. Utepe wa kufungia nyaya haukupatikana Kasongo, haukupatikana Kabambare. Baba akachana kipande cha kile kikwembe, urefu wa mkono mmoja tu, akakipaka nta ya nyuki, akauviringishia ule waya. Injini ikanguruma. Kwa karibu miaka miwili haikumwaibisha hata siku moja.

Kisha akamwoa mama.

Siku ya harusi mama alikanyaga vedeti, injini ikazimika. Baba alichomoa buji moja moja, akazilaza juu ya chuma, akazungusha manivela, ule mkono wa kuwashia injini, na kuangalia. Ya kwanza ilitoa cheche, ya pili ilitoa, ya nne ilitoa. Ya tatu, giza. Mama aliposhuka ili kupunguza uzito, ya tatu nayo ikatoa cheche, ya buluu, kali kuliko zote.

Ikawa hivyo kila safari. Baba alisugua pointi za manyeto, vile vyuma vidogo vinavyogusana ndani yake, kwa ubavu wa kiberiti, akakausha kila kitu juani, akafuata nyaya kwa kidole kutoka mwanzo hadi mwisho. Hakuna kosa alilolipata. Mama aliamini ni baba mwenyewe anayeizima.

"Hutaki nikae pahali ule mwanamuke alikaa," alimwambia mbele ya Ismaël. "Unaongea naye kila asubuhi. Mimi unaniambiaka nini?"

Nasema bila aibu kwamba mama yangu alikuwa na wivu unaochoma. Mke mwenza aliye hai unaweza kumtukana naye akakujibu. Huyu angemtukania wapi? Mama aliacha kupanda vedeti. Alipopata mimba, hata ufukweni hakushuka.

Basi ikafika Aprili 1943. Mto ulikuwa umefurika, unashusha magogo mazima. Mama alikuwa na siku ya pili ya uchungu. Mkunga, Mama Feza, alimpapasa tumbo, akamwita baba pembeni.

"Mutoto amekingama," alisema polepole. "Akibakia hapa atakufa, na mama yake atamufwata. Mupeleke ku hopitali, Kasongo, sasa hivi."

Wapiga kasia waliutazama mto, wakakataa. Ikabaki vedeti. Walimlaza mama juu ya magunia ya pamba, Mama Feza akamshika kichwa. Baba alizungusha manivela mara moja tu, injini ikawaka. Ismaël aliniambia hapo ndipo alipoingiwa na hofu, kwa sababu haikuwa kawaida yake.

Ilikuwa saa sita mchana, jua kali. Walipofika katikati ya mto, injini ilinyamaza.

Haikukohoa kwanza. Ilinyamaza tu. Vedeti ikaanza kuchukuliwa na maji.

Baba alizungusha manivela. Kimya. Akajaribu tena. Kimya. Alichomoa buji ya kwanza, akaijaribu, haina cheche. Ya pili, hapana. Ya nne, hapana. Ndipo Ismaël aliposikia harufu. Kwenye injini ya moto ulitegemea kunusa petroli na mafuta machafu. Hii ilikuwa karafuu.

Baba aliushika waya wa tatu. Umeme ukamrusha mpaka ukingoni mwa boti. Manivela ilikuwa chini, hakuna aliyeigusa wakati ule. Manyeto isipozungushwa haina umeme, hilo hata asiye fundi analijua.

"Fundi," Ismaël alinong'ona, "pale kuko nini?"

Baba alijiinua. Akamtazama mama.

"Ni kikwembe cha Mwamvita," alisema. "Nilikikata nikafunga waya."

Mama alikuwa amefumba macho kwa maumivu. Akayafumbua. "Uliapa nguo zake zote ziligawanywa."

Baba aliurudia waya. Alifunga mkono wake kwa gunia, akaanza kukifungua kile kitambaa. Mzunguko mmoja, wa pili, wa tano. Alikata urefu wa mkono mmoja, kumbuka. Kikafika mikono miwili. Mitatu. Kikaanguka miguuni pake, kikajikunja, naye bado anafungua. Mama Feza alianza kusoma dua. Kilipofika mikono saba, baba alitoa kisu, akakata ule waya pande zote mbili, akautupa sakafuni pamoja na kitambaa chake. Waya wa badala hakuwa nao. Alikaa chini akalia.

Mbele yao, kwenye kona ya mto, kulikuwa na mti mkubwa ulioanguka, maji yakipiga kelele ndani ya matawi yake.

Mama ndiye aliyenyoosha mkono. Alikivuta kile kikwembe, akakizungushia tumboni mwake, juu yangu. Kikamtosha barabara. Baba kwa kilio chake hakusikia, lakini Ismaël alisikia maneno yake yote, nami namwamini.

"Yaya Mwamvita," alisema, akimwita dada mkubwa, "najua unataka nini. Hautaki bwana. Utuvushe. Mutoto atakuwa wako."

Injini iliwaka.

Hakuna aliyezungusha manivela. Zilifanya kazi silinda zote nne, Ismaël alizihesabu kwa sikio, na waya wa tatu ulikuwa chini sakafuni, karibu na mguu wake.

Nilizaliwa Kasongo alasiri ileile, hai, na mama akapona. Aliniita Mwamvita. Baba alidhani ni kwa kumpendeza yeye, akafurahi, maskini. Kikwembe baba alikizika kwenye kaburi la marehemu mkewe, kipande na kilichobaki, akasomesha dua. Vedeti aliiacha, akaenda kutengeneza baiskeli.

Mama alinilea vizuri. Nilikula, nilivaa, nilisoma. Lakini hakunibeba mgongoni bila kugeuza shingo kuangalia nyuma. Nilipokuwa mdogo nikicheka peke yangu, alikuja mbio akaniuliza, "Nani anakuchekesha?" Akanikumbatia kwa nguvu hadi nikalia. Nilifikiri hanipendi. Nilimwonea wivu kila mtoto aliyekuwa na mama wa kawaida.

Alikufa mwaka wa 1958, nikiwa na miaka kumi na tano. Baada ya arobaini tulifungua sanduku lake ili tugawanye nguo. Baba alikuwepo, na Ismaël, na Mama Feza ambaye alikuwa amezeeka. Chini kabisa, chini ya vikwembe vyake, kulikuwa na kanzu za mtoto, magauni ya kike.

Zote zilikuwa za buluu, madoa meupe. Ya kwanza ilikuwa ya kichanga. Ya pili ilikuwa kubwa kidogo. Zilikwenda zikikua, moja kwa kila mwaka wangu, zimeshonwa kwa mkono, mishono midogo iliyonyooka. Mama hakujua kushika sindano, hata kifungo alimpelekea jirani. Alikuwa akizikuta mahali fulani kila mwaka, akazificha nisizione, nisizivae. Miaka kumi na mitano alipigana peke yake kwa ajili yangu. Mimi nilimnunia.

Nililia pale kuliko siku ya mazishi.

Mama Feza alizihesabu kwa sauti ya chini. Zilikuwa kumi na sita, moja zaidi ya miaka yangu. Ile ya mwisho ilikuwa imenizidi kidogo mabegani, na pindo lake halijaisha. Sindano ilikuwa bado imechomekwa humo na uzi wake. Haikuwa na kutu.

Baba alilifunga sanduku kwa kufuli, akaweka ufunguo mfukoni. Kesho yake asubuhi tulilifungua ili tuzichome zote. Nguo za mama zilinuka karafuu. Pindo lilikuwa limekwisha, sindano haikuwemo, na juu ya kanzu ya kumi na sita kulikuwa na kipande kingine cha buluu, kimekatwa tayari, kinangoja kushonwa.