Mduara Uliofagiwa

Jambo la mwisho la kawaida lilikuwa Elmehdi kumtukana ngamia. Ngamia alikataa kupiga magoti kwenye mawe makali ya milima ya Atakor, na Elmehdi akamwambia kuwa hata binamu yake Ghumar, aliyesomea mawe chuo kikuu miaka minne, alijua kukaa chini akiambiwa.

"Na wewe umesomea nini?" Ghumar aliuliza.

"Nimekusomea wewe. Somo jepesi, nimefaulu bila daftari."

Raisha, binti wa Ghumar, mwenye miaka sita, akacheka juu ya tandiko. Wakazunguka shingo ya volkano iliyozimika zamani, wakaona mahali hema la Ghumar na mkewe liliposimama mwaka uliopita, na Elmehdi akasimamisha ngamia.

Mchanga ulikuwa umefagiwa. Mduara mzima, upana wa hema, na mistari ya ufagio wa nyasi ikiwa mipya, kama mwanamke afagiavyo alfajiri kabla ya kukamua mbuzi. Ghumar, kwa mazoea ya kazi yake ya kuchunguza ardhi, aliuzunguka akitafuta nyayo. Hazikuwepo za kuingia wala za kutoka. Upepo wa siku ile ungeifuta mistari hiyo kwa muda wa saa moja.

"Hapa hatulali," Elmehdi alisema.

"Maji yako hapa. Wanyama wamechoka."

"Mahali pa hema la marehemu hapalaliwi. Hata mtoto anajua hilo."

"Mtoto hajui," Ghumar alisema kwa sauti ya chini.

Hiyo ndiyo ilikuwa shida yenyewe. Mke wake alifariki mjini Tamanrasset siku arobaini zilizopita. Hema, ambalo kwao ni mali ya mke, lilikunjwa na ndugu zake, na jina lake, kama ilivyo desturi, halikutamkwa tena. Kimya kile kilimfaa Ghumar. Raisha alipouliza, alimjibu, "Mama yuko mlimani." Alisema hivyo mara ya kwanza kwa uchovu, baadaye alisema kila jioni. Sasa alikuwa akimpeleka kwa bibi yake, upande wa pili wa mlima, akalelewe huko, na alikuwa hajapata maneno. Alijipa siku moja zaidi.

Alasiri alishuka kwenye dimbwi la mwambani kujaza viriba. Aliporudi, Raisha alikuwa amekaa katikati ya mduara, amempa mgongo, kichwa kimelalia nyuma kidogo, kimetulia, kama mtoto aliyebanwa kati ya magoti ya mtu. Palinukia samli na nguo ya nili, kama alivyonukia mkewe.

"Raisha. Njoo hapa."

Alikuja akirukaruka. Kwa siku arobaini nywele zake zilikuwa zimefungwa kwa kitambaa, kwa kuwa baba yake hakujua kusuka. Sasa zilikuwa zimesukwa: misuko myembamba kwenye panja, mmoja mnene nyuma, na njia ya katikati ikipinda kushoto kidogo. Ghumar aliujua mpindo ule.

"Nani amekusuka?"

"Mama. Anasema mikono yako ni ya kupimia mawe tu."

Maneno hayo mke wake alimwambia ndani ya hema, usiku, walipokuwa wawili.

Alimwendea Elmehdi. "Umemsuka wewe?"

"Mimi? Kamba ya ndoo yenyewe inanishinda." Hakucheka. Alimtazama mtoto, kisha akanong'ona. "Ni Watu wa Upweke, binamu, majini wa jangwani. Umesema mama yuko mlimani. Mlima una masikio. Umewaachia kiti kitupu, wamekaa."

"Nyamaza, atasikia."

"Nani, mtoto au yule mwingine? Mwambie ukweli. Sasa hivi, jua bado lipo."

"Kesho."

"Kesho! Wallahi, wewe unamwogopa mtoto kuliko majini."

Hilo lilikuwa kweli, lakini si lote. Ghumar alitaka, na alijua kuwa anataka, kuisikia sauti ile mara moja tu.

Elmehdi alichomeka upanga na visu mchangani kumzunguka Raisha, maana majini hawakipendi chuma, na jua lilipozama wakasimama kuswali. Walipoinua vichwa kutoka sijida ya mwisho, palibaki upanga na visu tu.

Ghumar alimwona juu, kwenye njia ya mbuzi iendayo ukingoni mwa kreta, shimo la volkano, na akakimbia, na mawe meusi yakamporomokea miguuni, na kadiri alivyokimbia ndivyo harufu ya samli ilivyozidi, na mbele yake, bila mtu, alisikia ufagio wa nyasi ukikwaruza mwamba, taratibu, bila haraka, kama wa mtu anayeandaa mahali, na aliona kwamba mkono wa kulia wa mtoto umeinuliwa juu, vidole vimekunjwa, kama mtoto anayeshikwa mkono na mtu mzima, na kwamba alikuwa akizungumza, akinyamaza kusikiliza, akicheka, akizungumza tena, huku ukingo ukiwa umebaki hatua kumi, kisha nane.

"Raisha!"

Hakugeuka. Ghumar alimwita tena na tena, hakugeuka. Ndipo akaliita lile jina jingine, ambalo hakuwa amelitamka kwa siku arobaini, kwa sauti yote aliyokuwa nayo.

Raisha alisimama. Ufagio ulikoma. Mkono wake ulioinuliwa ukashuka polepole hadi usawa wa kifua, kana kwamba aliyeushika alikuwa amechuchumaa ili amtazame usoni. Mtoto alisikiliza kwa muda mrefu, akaitikia kwa kichwa. Kisha vidole vikafunguka.

Ghumar alimbeba hadi chini. Kiganjani mwa mtoto kulikuwa na alama nne za buluu, kama nguo mpya ya nili iachavyo rangi. Usiku kucha walimlaza katikati yao, ndani ya duara la chuma.

Asubuhi, Elmehdi alipokuwa akifunga mizigo, Ghumar alimpakata binti yake, akateremsha kilemba kilichomfunika mdomo.

"Raisha, nilikudanganya. Mama yako amekufa."

"Najua," Raisha alisema. "Aliniambia jana. Alisema nisikwambie, kwa sababu wewe hujui bado."

Ghumar alikifungua kiganja cha mtoto, akazitazama zile alama za buluu.

"Zifumue nywele hizo, na zote zinazong'oka zitie motoni!" Elmehdi aliita kutoka kwa ngamia. "Hata mmoja ukibaki, watatufuata!"

Alizifumua, msuko mmoja baada ya mwingine, polepole, asimuumize, akitia motoni kila unywele ulionasa vidoleni. Katika msuko mnene wa nyuma alikuta unywele mmoja usio wa mtoto: mrefu kama mkono, mwekundu wa hina nchani. Aliinua macho. Elmehdi alikuwa amempa mgongo, akikaza kamba.

Ghumar aliuzungusha unywele ule kwenye kidole, akauingiza ndani ya mkunjo wa kilemba chake, akajifunika uso.