Minyoo Iliyotaka Kuwahamisha

Asubuhi Devotha alimkuta ng'ombe wao amelala, hawezi kuinuka. Chini ya taya alikuwa amevimba kama mfuko wa maji. Alimwita mumewe, Luhaga.

Walimchinja. Ini lilikuwa gumu. Ndani mlijaa minyoo bapa kama majani madogo.

Jirani yao Cornel alikuja kutazama. Naye alikuwa amechinja wake jana, mwenye minyoo vilevile.

"Mmetuletea ninyi," alisema. "Mmenunua ng'ombe wa mlimani Mamboya, sasa tunakwisha. Waondoeni, la sivyo mhame nao!"

Devotha na Luhaga walishahama mara moja, kutoka Kanda ya Ziwa. Wangekwenda wapi tena na watoto?

Alimpigia simu Hildegarda, afisa mifugo wa kata.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Njoo upesi."

Hildegarda alifika, akachukua minyoo ya ng'ombe wa nyumba zote mbili.

"Ni ya mlimani?" Devotha alinong'ona.

"Kwa macho siwezi kujua, mama. Minyoo ya ini ina aina mbili zinazofanana sana. Maabara watapima vinasaba, yaani alama ambazo kila kiumbe hurithi kwa wazazi wake. Hizo ndizo zitatuambia."

"Na ikiwa ni ya mlimani?"

Hildegarda alimwomba Cornel asubiri majibu. Wiki zilipita. Kila pikipiki iliposimama nje, Devotha alidhani wamekuja kuwafukuza.

Majibu yalisomwa kwenye mkutano wa kijiji, hapo Mvumi. Devotha alimshika Luhaga mkono.

"Minyoo yote ni aina moja," Hildegarda alisema. "Siyo ile ya milima yenye baridi. Hii hukulia ndani ya konokono wa maji yaliyotuama bondeni. Konokono hao wamejaa kwenye dimbwi mnalonyweshea wote. Minyoo michanga hutoka kwa konokono, ikang'ang'ania kwenye majani ya hapo. Ng'ombe hula majani hayo."

Cornel aliinamisha kichwa. "Kumbe ng'ombe tunawapeleka kwenye minyoo sisi wenyewe!"

Devotha alisimama. "Tulizungushie dimbwi miiba. Kisima chetu kina maji. Tuweke hori pale."

"Na ng'ombe wote wapewe dawa kwa pamoja, kwa kipimo nitakachowapa," Hildegarda aliongeza.

Walifanya hivyo. Kufikia masika yaliyofuata, ng'ombe walikuwa wamenenepa, na wengi waliochinjwa walikutwa na maini laini.

Siku moja Devotha alisikia sauti ya Cornel mlangoni. Alishtuka.

"Hodi, shemeji. Naomba maji ya ng'ombe wangu."

Devotha alivuta pumzi, akatoka kumpa ndoo.