Pedali Iliyochuja Sauti

Jambo lilianza kwa herufi moja. Mtoto alisimama mlangoni mwa jiko akamwita shangazi yake, na mwanzo wa neno haukutoka. Likatoka "hangazi", zito, kama mtu anayeita akiwa amejifunika blanketi.

"Hebu fungua mdomo," shangazi akasema. Meno yote yalikuwepo. "Basi ni mafua. Chiriku gani huyu anayekoroma?"

Walimwita Chiriku kwa sababu hakuwa akinyamaza. Alikuwa na miaka saba na sauti nyembamba, kali, aliyoipata kwa mama yake. Mama huyo alikuwa amezikwa miezi minne iliyopita. Mwenyezi Mungu ndiye aliyemleta na ndiye aliyemtwaa, na hakuna wa kumuuliza. Shangazi alihamia kwa kaka yake ili mtoto asikose mtu wa kumsuka nywele.

Kaka mtu alikuwa mpiga gitaa la besi. Tangu msiba hakwenda tena kwenye bendi. Kila siku baada ya sala ya alasiri alijifungia chumbani na kanda moja ya kaseti. Humo mke wake alikuwa akimfundisha Chiriku, wakati huo mdogo sana, dua ya kulala. Mistari minne tu: mama anasema, mtoto anafuatisha. Lakini kanda ilikuwa imechakaa, na mvumo mzito ulizifunika sauti zote mbili.

Ndipo akakumbuka pedali yake ya kuchuja sauti, kisanduku cha chuma cha mtindo wa zamani ambacho wapiga gitaa hukikanyaga kwa mguu. Akaiweka mezani. Waya kutoka kwenye redio kaseti akauingiza kulia; waya wa kwenda kwenye amplifaya akauchomeka kushoto. Kifundo cha kwanza cha kuzungusha kilichagua pa kukata, sauti gani ipite na ipi ibaki nje. Cha pili kilinoa pale palipokatwa, mpaka sauti ikalia kama ukingo wa glasi uliosuguliwa kwa kidole. Wapiga besi hawatazami alama. Hufumba macho wakafuata sikio. Naye alifumba. Akazungusha polepole, mvumo ukazama, na mke wake akatokea, karibu kabisa, hata pumzi ikasikika.

Aliyefiwa hashibi. Kila alasiri alikizungusha kile kifundo cha kwanza kidogo tena, na kila alasiri sauti ilizidi kuwa safi. Hakujiuliza usafi huo unatoka wapi.

Kufikia siku ya saba Chiriku alikuwa amepoteza "s", "z", "ch" na "f". Alichobakiwa nacho kilisikika kama maneno ya jirani nyuma ya ukuta. Daktari alimmulika koo asione kitu. Mtoto mwenyewe alianza kunyamaza, na hilo ndilo lililomtisha shangazi kuliko yote.

Dua ilikuwa na mistari minne. Alasiri ya siku ya nane ilikuwa na wa tano.

"Umechelewa leo," ilisema sauti ya mke wake. "Umekula?"

Kanda ilikuwa imeshafika mwisho na redio kujizima. Chumba kilinuka udongo uliochimbwa muda huo huo. Mpiga besi alijua, kama anavyojua Muislamu yeyote, kwamba aliyezikwa haulizi habari za chakula. Akajibu hata hivyo. "Bado," akasema.

Shangazi alikuwa nyuma ya mlango. Kaka yake alipotoka, akamshika mkono.

"Kaka, nani yumo humo?"

"Kanda tu."

"Kanda haimuulizi mtu kama amekula." Akashusha sauti zaidi. "Nimemlea mwanao miezi minne. Leo ameniita mara tatu nikadhani ni gari linapita. Mtazame mtoto, kaka. Mimi naondoka kumleta shehe, ukitaka ukasirike."

Shehe alikuwa mtu wa maneno machache. Alimwomba Chiriku asome Alhamdu, akamsikiliza kichwa kikiwa kimeinama. Kisha akaenda kusikiliza mlangoni mwa chumba, akarudi amekunja uso.

"Marehemu yuko kwa Mola wake, hana haja na waya," akasema. "Huyu ni jini asiye na sauti. Unapomtafutia marehemu ung'avu, yeye anaukwangua kwa mtoto, maana wote wawili wamo katika kanda moja. Mkono uliofungua ndio utakaofunga. Kirudishe kifundo mpaka kigome. Hutamsikia tena mkeo mpaka Kiyama. Unaweza?"

"Naweza," akajibu mpiga besi.

Akaingia peke yake, na nje shehe akaanza kusoma, na alipokigusa kifundo kilikuwa cha baridi kama bomba alfajiri, na kila alipokirudisha sauti ya mke wake ilififia ikimwuliza amekosa nini, ikimwuliza atakwenda wapi, ikimtaja kwa lile jina ambalo walilitumia wawili tu taa ikishazimwa, huku ile harufu ya udongo ikipanda mpaka ikamjaa kinywani, na kilipobaki unywele mmoja kigome, vidole vyake vikakataa, akaliinamia sanduku, akanong'ona, "Mwachie mtoto sauti yake. Chukua yangu."

Kukawa kimya.

"Shangazi!" Chiriku akaita kutoka sebuleni, kila herufi mahali pake. "Mbona shehe anasoma na si Ijumaa?"

Shangazi alicheka huku machozi yanamtoka. Mpiga besi alipotoka, shehe akamtazama.

"Umefunga mpaka kikagoma?"

Akatikisa kichwa kukubali. Hakuweza kutamka uongo mbele ya msahafu uliokuwa mkononi mwa shehe. Hivyo ndivyo alivyojiambia.

Kesho yake alasiri shangazi alikwenda dukani. Mpiga besi alikuwa uani, bombani, akitia udhu. Kupitia nondo za dirisha la sebule alimwona Chiriku ameketi sakafuni akichora, miguu imetandazwa, akijiimbia.

Mlango wa chumba ukafunguka kwa ndani.

"Chiriku," sauti ya mama yake ikaita, safi, tamu, bila mkwaruzo wowote. "Njoo, mama. Njoo nikuonyeshe kitu."

Mtoto akainua uso. Uso ukang'aa kama haujang'aa tangu mazishi. Akaweka penseli chini taratibu, akasimama.

Baba yake akazishika nondo kwa mikono yote miwili, akamwita jina lake kwa nguvu zake zote. Kilichotoka kinywani mwake kilikuwa mvumo mzito, wa chini kabisa, usio na neno ndani yake. Maji katika ndoo yakatetemeka. Akaita tena, na tena, akikimbia kuelekea mlango wa uani.

Chiriku hakugeuka. Aliingia chumbani akisema, "Abee, mama," na mlango ukajifunga nyuma yake.