Vidonge Kumi na Viwili vya Précieuse

Kila siku saa kumi, Nabintu aliporudi kutoka shuleni, simu ililia. Alikuwa baba yake, Hyacinthe, akipiga kutoka ghalani wakati wa mapumziko. Aliuliza mambo mawili tu: kama Koko, yaani bibi, amekula, na kama Nabintu amemeza dawa. Mnyororo wa baiskeli ulikuwa umemchana mguu, kidonda kikatunga usaha, na daktari hapo Louisville, Marekani, walikohamia, akampa vidonge ishirini, viwili kwa siku. Alisisitiza vimalizwe vyote.

"Nimemeza, papa," alijibu Nabintu. Kwa siku nne ilikuwa kweli. Siku ya tano kidonda kilikauka, na vidonge kumi na viwili vilivyobaki akavitia kwenye bahasha na kuvificha.

Msidhani ni mwongo wa kuzaliwa. Alimwekea rafiki yake Précieuse. Wawili hao walikulia kambi ya wakimbizi huko Uganda, nyumba zao zikigawana ukuta mmoja, na walipokohoa pamoja Koko alikata kidonge katikati, kila mmoja nusu yake, nao wakacheka huku wamekunja nyuso kwa uchungu wa dawa. Nabintu alipoyakumbuka hayo moyo ulimuuma kwa hamu. Sasa Précieuse alikuwa amehamia Cheektowaga, karibu na Buffalo, na juzi kwenye simu alilalamika kwamba ana jipu kisiginoni na wazazi hawajapata nafasi ya kumpeleka kliniki. Jumamosi dada yake angeolewa, na familia ya Nabintu ilialikwa. Basi dawa angempelekea mwenyewe, mkononi.

Nabintu, baba na Koko waliondoka Alhamisi asubuhi, shule zikiwa zimefungwa. Walipofika Whitehall, pembeni mwa Columbus, kulala kwa Milcah, Mkenya waliyewahi kusali naye Louisville, Nabintu alikuwa anachechemea. Mguu ulikuwa umevimba na unawaka moto. Jioni hiyo hiyo daktari alichukua usaha ukapimwe, akampa dawa nyingine ya kuanzia, na akamkataza safari. Alipouliza kama zile za kwanza zilimalizwa, Nabintu aliitikia kwa kichwa.

Kesho yake baba alijiandaa kwenda Buffalo peke yake na zawadi. Nabintu alikuwa na bahasha mfukoni, akitafuta namna ya kumpa aipeleke. Milcah, aliyefundisha kwenye maabara ya chuo kikuu, alikuwa akimimina chai, akasema jambo hili linamtatiza: dawa zote zimemezwa, mbona bakteria wamebaki? Nabintu akamuuliza wanabakije.

"Wengi hufa mapema, ndiyo maana unajiona umepona," Milcah alisema. "Lakini wachache wanaweza kuwa na jeni, yaani maagizo yaliyo ndani yao, ya kuishinda ile dawa. Ukiwaachia nafasi wanaongezeka. Tena bakteria mmoja anaweza kujiunga na mwenzake kwa kamrija kadogo, akampitishia nakala ya hiyo jeni."

Akaeleza kwamba wanafunzi wake huwaacha bakteria waungane hivyo, kisha huwatikisa kwa nguvu waachane, wengine baada ya dakika kumi, wengine ishirini. Jeni huvuka kwa foleni, kwa hiyo wakiangalia ipi imefika na ipi bado, wanachora ramani yake. Ni kama gari lao la jana: baada ya saa mbili limepita Cincinnati, baada ya tatu na nusu liko Columbus, Buffalo bado. Hata asiyeijua barabara atajua mji upi unatangulia.

"Na dawa zilizobaki akipewa mtu mwingine, anti?"

"Hazitamtosha, na huenda hata si dawa ya ugonjwa wake. Unaweza kumwongezea matatizo tu."

Baba alikuwa ameshashika funguo. Nabintu aliwaza kisigino cha Précieuse kikivimba kama mguu wake, tena kwa sababu yake. Akaiweka bahasha mezani, akasema yote huku machozi yakimtoka. Baba akaweka funguo mezani. Hakumgombeza, alimpigia daktari kumweleza ukweli, kisha akampigia baba yake Précieuse, akamsihi ampeleke mtoto kliniki siku hiyo hiyo, hata kama kuna harusi.

Harusi ikampita Nabintu, akaiona kwenye simu tu. Jumatatu majibu yalikuja: bakteria wake walikuwa sugu kwa dawa ya kwanza, lakini ile mpya iliwaweza, na uvimbe ulikuwa umeanza kushuka. Mchana baba akarudi, na kwenye kiti cha nyuma alikaa Précieuse, aliyeruhusiwa kuja kumwona, kisigino kimefungwa bandeji, na dawa zake mwenyewe mkobani.

Marafiki hao walicheka mpaka mbavu zikawauma. Nabintu akamwambia Koko kwamba anatamani siku zile za kambini, walipogawana hata kidonge.

Koko akatikisa kichwa. "Mujukuu, wewe unakumbuka mulikuwa munacheka. Mimi nilikuwa ninalia, juu ya kujua nusu haitoshi mutoto hata mumoja. Nilikata sababu hakukuwa ingine. Bon, hapa dawa iko. Ukipenda mwenzako, umwambie aende kwa munganga wa hospitali. Wewe umalize dawa yako, na useme kweli."

Nabintu alisogea, akamshika Koko mkono. Miaka yote hiyo alidhani Koko alikuwa akicheka pamoja nao.