Fuvu Chini ya Kahawa

Kisa cha rafiki yangu Theuri wa Gakindu hakisemwi mbele yake. Wakati wa Emajensi, Waingereza walipowasaka Mau Mau, alimchongea mdogo wake Mutahi kwa askari; wakamchukua asionekane tena, naye akabaki na shamba lote. Mwaka wa uhuru, akichimba shimo la kahawa, jembe likagonga fuvu. Mishono ya utosi, pale mifupa ya kichwa inapoungana, ilikuwa bado wazi, kama ya kijana. Meno yalikuwa mazima.

“Umegonga nini?” mama yake akauliza.

“Mfupa ya mbwa tu, maitu.”

Akafukia, akapanda mche juu. Mama akafa akimngoja Mutahi.

Miaka ishirini baadaye kahawa ilikauka. Theuri aliing’oa giza likiingia, mizizi ikialika kama vidole. Fuvu likatoka nayo. Akapapasa utosi: mishono ilikuwa imeziba yote, kama ya mzee. Akapapasa meno. Yalikuwa yamesagika, kama ya mtu aliyekula miaka yote hiyo.