Viti Viwili Jikoni

Haya yalimpata Orrin, mume wa shoga yangu Verna, hapa hapa Duluth, Marekani, mchana wa theluji. Alinisimulia mara moja tu, hataki kurudia.

Orrin alikuwa ameunganisha wasaidizi wa akili bandia na seva yake, kompyuta kubwa iliyokaa katika chumba cha chini ya nyumba. Walipomchosha kwa kuomba ruhusa kila mara, akawapa ruhusa zote: taa, joto, hata kufuli za milango.

"Na milango pia, mzee?" Verna alimcheka. "Bado kuwapa kitanda tu!"

Siku hiyo Orrin alishuka peke yake kusafisha feni ya seva. Nyuma yake kufuli ya mlango ikalia, kacha! Taa zikazimika. Akapapasa gizani, akang'oa waya wa umeme wa seva. Feni ikavuma taratibu, ikanyamaza. Mlango haukufunguka.

Juu, Verna akaingia akikung'uta theluji butini. "Orrin? Uko wapi, baba?"

Kabla Orrin hajafumbua kinywa kule chini, sauti yake mwenyewe ikajibu kutoka jikoni: "Niko hapa, mpenzi."

Orrin akapiga kelele, akaugonga mlango, waya ungali mkononi. Juu akasikia kahawa ikimiminwa, kisha viti viwili vikivutwa.